Biodizeli ya kutengeneza nyumbani: inalipa kweli, au hesabu zetu zina matundu?

#1 Msakatonge
Wakuu, salama? Naomba hili tulijadili kwa namba. Kila ninayemsoma akiisifia biodizeli ya nyumbani, yaani mafuta ya kupikia yaliyogeuzwa kwa methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki soda yakawa mafuta ya injini ya dizeli, anaandika kuwa gharama yake haifiki hata robo ya bei ya dizeli. Ukimfuatilia unakuta kahesabu methanoli na kostiki soda tu. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa kapewa bure, tangi alikuwa nalo, muda wake hakuupa bei.

Nina jenereta ya dizeli na gari la mizigo la zamani, na mafuta yaliyotumika najua pa kuyapata. Kabla sijanunua hata mpira mmoja nataka kuelewa: kwa mtu anayepika lita 100 kwa mkupuo, faida inatoka wapi hasa? Na ili tusivutane kwa fedha za nchi mbalimbali, lita moja ya dizeli tuipe pointi 100, vingine vyote tuvipime kwa hiyo.

#2 Pipa la Bluu
Hilo wazo la pointi nimelipenda. Mimi kazi hii ninaifanya miaka mingi, naweka yangu.

Mafuta lita 100: sifuri, napewa. Methanoli lita 20, nanunua kwa pipa zima, lita inaniangukia pointi 70, jumla 1,400. Kostiki soda tuseme 100. Umeme wa hita na pampu 60. Jumla 1,560. Sasa lita 100 za mafuta ukijumlisha na lita 20 za methanoli unapata lita 120 za kimiminika, kwa hiyo lita moja ni pointi 13. Nani mwingine anauza dizeli kwa 13?

#3 Ngoja Nione
Naweka kambi hapa.

#4 Kokotoo
Pipa, hizo 120 hazitoki mkuu. Kinachoingia ni 120, lakini sehemu yake inashuka chini na gliserini, kile kimiminika kizito kinachojitenga na biodizeli. Kwa uzito, kilo 100 za mafuta na kama kilo 11 za methanoli hutoa takriban kilo 100 za biodizeli na kilo 10 za gliserini. Kwa hiyo ukiwa na mafuta mapya kabisa utapata lita karibu sawa na ulizoanza nazo. Mafuta yaliyotumika yana maji, makombo na asidi, na wengi huishia kati ya 85 na 95. Chukua 90.

1,560 gawanya kwa 90 ni pointi 17.3. Bado hujamaliza. Lita ya biodizeli tupu ina nishati pungufu ya dizeli kwa kama asilimia 8, kwa hiyo lita 90 zako zinafanya kazi ya lita 82.8 za dizeli. Sasa gharama ni 18.8 kwa kazi ya lita moja ya dizeli. Ni nafuu kubwa, sibishi, ila si 13.

#5 Pipa la Bluu
Hizo namba nazikubali. Lakini mwenyewe unaona: 18.8 kwa 100. Matundu yako wapi?

#6 Dada Mizani
Tundu liko kwenye ile sifuri yako ya mafuta, kaka.

Kitu ulichopewa bure si lazima kiwe hakina bei. Siku hizi mafuta yaliyotumika yana wanunuzi, kwa sababu viwanda vikubwa vya biodizeli navyo vinayatafuta. Tuseme kwa mfano mkusanyaji anayachukua kwa pointi 40 kwa lita. Basi ukiyatia kwenye pipa lako umeacha pointi 4,000 mezani. Sasa piga upya: 4,000 na 1,560 ni 5,560. Kazi uliyopata ni ya lita 82.8 za dizeli, yaani pointi 8,280. Kilichobaki ni 2,720 kwa mkupuo mzima.

Halafu gawanya kwa saa zako. Kuzungukia mafuta, kuchuja, kupima asidi, kupika, kutenga gliserini, kuosha biodizeli kwa maji, kuikausha, kusafisha vyombo. Ukitumia saa 6, kila saa imekulipa pointi 453, ambazo ni lita nne na nusu za dizeli. Kuna mtu hizo ni pesa nzuri sana, na kuna mtu angepata mara tatu yake kwa kazi anayoijua. Kwa hiyo swali la Msakatonge halina jibu moja la watu wote.

#7 Kijana wa Karakana
Dada Mizani nakuheshimu, ila hapo umewahesabia watu mshahara ambao hakuna anayewalipa. Saa zangu za jioni hakuna mwajiri anayezinunua. Nikikaa bure napata sifuri, nikipika biodizeli napata mafuta ya gari. Tena pampu ikishaanza kuzungusha sisimami hapo, naendelea na mambo mengine. Saa za mikono yangu hazizidi 3.

#8 Dada Mizani
Hizo 3 ni za kupika. Za kuzungukia mafuta na madumu umezihesabu?

#9 Kijana wa Karakana
Mafuta nayapitia njiani nikirudi kazini.

#10 Pipa la Bluu
Na madumu yakishamwagikia kiti cha nyuma, anayesugua kiti ni nani? 😄 Dada kakubana hapo.

#11 NozeliSafi
Wote mnaongelea pipa, mimi nitaongelea injini maana ndiyo inayoletwa kwangu.

Hasara kubwa ya biodizeli ya nyumbani haionekani kwenye mkupuo mmoja mmoja, inakuja siku moja kwa bei mbaya. Nimefungua nozeli zilizotumia mafuta yasiyooshwa vizuri: ncha imeshika utando wa kahawia unaong'aa, ukiukwangua kwa ukucha hautoki, na vitundu viwili vitatu vimeziba kabisa. Ukiiweka kwenye mashine ya kupimia haitoi ukungu, inatoa mkojo. Pampu na nozeli za injini ya kisasa zikiharibika, akiba ya mwaka mzima inaweza kwenda siku moja. Hilo liwekwe kwenye hesabu kama bima.

Mengine ya kujua: biodizeli husafisha uchafu wa miaka uliomo kwenye tangi, kwa hiyo mwanzoni filta huziba, usishangae. Mipira ya zamani ya asili huvimba na kulainika, weka mipira ya Viton, aina isiyoharibiwa na mafuta haya. Na gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi lichunge zaidi. Mengi hupuliza mafuta ya ziada kwenye silinda ili kuchoma masizi, na biodizeli haipati mvuke upesi kama dizeli, sehemu yake huteleza ukutani ikashuka kwenye oili. Oili inaongezeka kwenye kijiti badala ya kupungua. Ukiona hivyo, mwaga.

Msakatonge, gari lako la zamani na jenereta ndizo injini zinazosamehe zaidi.

#12 Pipa la Bluu
NozeliSafi, hapo unaihukumu biodizeli kwa makosa ya waliopika nusu. Iliyoiva haina shida hiyo, na kuijua ni dakika kumi. Chukua mililita 27 za methanoli safi kwenye chupa nyembamba, ongeza mililita 3 za biodizeli yako, tikisa, acha itulie kwenye joto la kawaida. Ikibaki angavu, imeiva. Ukiona tone limekaa chini, hayo ni mafuta ambayo hayajageuka, maana methanoli inayeyusha biodizeli na haiyeyushi mafuta ghafi. Rudisha ukapike tena. Kipimo chenyewe ni karibu bure.

#13 NozeliSafi
Kipimo kizuri, nakikubali. Hakikwambii habari ya maji wala sabuni iliyobaki. Na ndivyo hivyo viwili vinavyoniletea wateja.

#14 Bi Sabuni
Sasa mmefika kwangu.

Nimesoma uzi wote na nadhani mnakosea mlango. Kinachoamua kama unapata au unakosa ni hali ya mafuta ulivyoyapokea. Fanyeni hivi: gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa mvuke wake ukapozwa ukawa maji tena. Chukua mililita 1 ya mafuta, yeyusha kwenye mililita 10 za isopropanoli (alkoholi nyingine), tia matone mawili ya fenolfthalini, dawa inayobadili rangi asidi ikiisha. Kama huna, manjano kidogo yanafanya kazi, yanageuka kutoka njano kuwa mekundu. Kisha dondosha ule mmumunyo wa kostiki soda polepole hadi rangi ikae isipotee. Hesabu mililita ulizotumia. Kwa mafuta mapya wengi huanzia gramu 5 za kostiki soda kwa lita, na kila mililita ya kipimo inaongeza gramu 1.

Mafuta yanayosoma 2 ni matamu. Yanayosoma 8 ni msiba. Kila mililita moja ni takriban robo tatu ya asilimia ya asidi huru, kwa hiyo 8 ni kama asilimia 6. Asidi hiyo yote inakula kostiki soda inakuwa sabuni, na kila inapokuwa sabuni inazaa na maji, na sabuni inaivuta biodizeli nzuri iende nayo. Ukija kuosha, maji yanakuwa meupe mazito, yanakataa kutengana, unaangalia pipa hadi kesho yake. Hapo yale 90 ya Kokotoo ni ndoto, unaweza kukuta 75, na muda umeongezeka mara mbili.

Ndiyo maana nasema mafuta mazuri ya kununua kwa pointi 20 yana faida kuliko mabovu ya bure.

#15 Kokotoo
Bi Sabuni, tuijaribu kauli yako. Mafuta ya pointi 20 yakitoa lita 90: gharama 3,560, kazi 8,280, inabaki 4,720. Ya bure yakitoa 75: gharama 1,560, ongeza kostiki soda tuseme 1,650, kazi ni 69 × 100 = 6,900, inabaki 5,250. Kwa fedha tupu ya bure bado inashinda.

#16 Bi Sabuni
Umeweka muda wangu wa kukaa na pipa la maziwa siku mbili?

#17 Kijana wa Karakana
Na mimi nilivyosema muda hauna bei mlinirukia. Sasa kila mtu anautumia anapoutaka.

#18 Ngoja Nione
Samahani wakuu, swali la mwanafunzi. Si injini ya dizeli yenyewe ilibuniwa itumie mafuta ya karanga? Kwa nini basi tujisumbue kupika, tusitie mafuta yenyewe moja kwa moja?

#19 Mzee wa Kumbukumbu
Hiyo ya karanga huzunguka sana mtandaoni, tuiweke sawa. Rudolf Diesel hakuibuni injini kwa ajili ya karanga. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe alieleza baadaye kuwa ilikuwa kwa ombi la serikali ya Ufaransa. Iliyoongeza maana zaidi kwa uzi huu ni ya Ubelgiji: mwaka 1937 G. Chavanne alipata hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kwa alkoholi, mafuta ya mawese yakiwemo, na mwaka uliofuata basi likaendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain. Yaani kupika kwenyewe ni kwa zamani.

Kwa nini usitie mabichi: uzito wa mtiririko. Kwenye nyuzi 40 mafuta ya mimea ni mazito karibu mara kumi ya dizeli. Nozeli haiwezi kuyapuliza yakawa ukungu, yanaungua nusu, yanaganda kwenye pete za pistoni. Biodizeli iliyoiva inakaa kati ya 3.5 na 5 kwa kipimo kile kile ambacho mafuta mabichi ni 30 na kitu.

#20 Ngoja Nione
Shukrani mzee.

#21 Shamba Kubwa
Nyie mnahangaika na makombo ya jikoni. Mtu mwenye ardhi apande mbono kaburi (jatropha) au alizeti, akamue mwenyewe, awe na kisima chake cha mafuta.

#22 Dada Mizani
Shamba Kubwa, hata viwandani mafuta ghafi ndiyo yanayokula sehemu kubwa kabisa ya gharama ya biodizeli. Mafuta mapya ya kula mara nyingi ni ghali kuliko dizeli. Ukishayakamua, yauze kama chakula, kanunue dizeli, na chenji inabaki. Mbono haliwi, sawa, na kwa sababu hiyo lilipigiwa debe sana miaka ya 2000 kwamba linaota kwenye ardhi mbovu. Kuota linaota. Kuzaa kwa wingi bila maji na mbolea ndiko kulikokataa, na matunda hayaivi pamoja, kwa hiyo yanachumwa kwa mkono na kurudiwa rudiwa.

#23 Shamba Kubwa
Na mashudu? Ya alizeti yanalisha mifugo. Hujayatia kwenye mizani yako.

#24 Dada Mizani
Ya alizeti hayo nayakubali. Ya mbono yana sumu.

#25 Gesi Asilia
Mmepita haraka kwenye methanoli, na hiyo ndiyo hela inayotoka mfukoni kweli. Pipa anasema 70 kwa sababu ananunua pipa zima. Anayenunua kwa chupa atalipa hata 150. Lita 20 kwa 150 ni 3,000, na pale Dada Mizani alipobakiza 2,720 unabakiza 1,120 tu. Nyingi hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo bei yake inafuata mambo ambayo wewe na pipa lako hamna kauli nayo.

Tena katika hizo lita 20, zinazoingia kwenye mafuta yenyewe ni kama 12 na nusu. Kama 7 zilizobaki ni za kusukuma mchakato tu, na nyingi zinalala kwenye gliserini. Ukiikeneka kwenye joto la nyuzi 65 unaweza kurudisha 4 au 5. Hiyo ni faida ya kila mkupuo.

#26 Msakatonge
Haiwezekani kutumia spiriti ya kawaida badala yake? Ninaiona rahisi kupatikana.

#27 Bi Sabuni
Spiriti ina asilimia kadhaa za maji. Maji yatakupa sabuni pipa zima. Ethanoli kavu kabisa inafanya kazi, ila ni ngumu kuipata, na hata hapo gliserini yake inatengana kwa shida. Usianze nayo.

#28 Mlinzi wa Zamu
Naomba kabla mtu hajakimbilia kukeneka methanoli nyumbani anisikilize. Mwali wake mchana hauonekani vizuri, unaweza kusogeza mkono kwenye moto usiouona. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi ukute cheche. Inapita kwenye ngozi, na ikiingia mwilini inaharibu macho hata kuua. Kostiki soda nayo isiguse alumini, hutoa haidrojeni. Na vitambaa vilivyolowa mafuta usivikunje pamoja ukaviacha, hujipasha joto vyenyewe hadi vikawaka.

Fanyia kibanda chenye hewa mbali na nyumba, vyombo vilivyofungwa, hita isiyo na mwali. Hicho kibanda ni gharama, na hakuna aliyekitaja hadi sasa. Na soma masharti ya bima ya nyumba yako.

#29 Pipa la Bluu
Mlinzi kasema kweli tupu. Yule anayekoroga kwenye ndoo ya wazi jikoni aache leo.

#30 Umeme Umepanda
Mnasema umeme 60. Kupasha lita 100 zote hizo, kisha kuzikausha? Nadhani umeme ndio unaokula faida kimya kimya.

#31 Kokotoo
Hapana mkuu. Kupandisha lita 100 za mafuta kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji kama uniti 2 za umeme. Hata ukiyapeleka hadi 115 kufukuza maji ni kama uniti 5, weka mara mbili kwa joto linalopotea. Lita 90 za biodizeli zina nishati ya uniti zaidi ya 800. Umeme si adui hapa.

#32 Tone la Mwisho
Na gliserini? Mbona mnaisema kama takataka? Inauzwa, inatengenezwa sabuni.

#33 Bi Sabuni
Safi inauzwa. Yako ni nyeusi, ina methanoli, kostiki na sabuni ndani, na biodizeli ilipopanuka duniani gliserini ilijaa sokoni bei ikaanguka. Ukitoa methanoli yote unaweza kuipika sabuni ya kusugulia sakafu na mikono ya mafundi, mimi ninafanya hivyo na inatoa grisi vizuri. Mwenye mtambo wa biogesi aidondoshe kidogo kidogo, gesi inaongezeka. Usiichome kwenye jiko la moto mdogo, inatoa akrolini, moshi wa sumu. Kwa hesabu ya Msakatonge iandike sifuri.

#34 Asubuhi Baridi
Hamjagusa baridi. Ya mawese au ya mafuta ya wanyama inaanza kuganda hata kwenye nyuzi 13 hadi 16. Ya mbegu za rapa inavumilia hadi karibu na sifuri. Mwenye baridi lazima achanganye na dizeli, kwa hiyo akiba yake inapungua kwa kiasi kile kile anachochanganya. Na ushuru: Uingereza tangu 2007 anayezalisha chini ya lita 2,500 kwa mwaka halipi ushuru wa mafuta. Ambako hakuna msamaha kama huo, pale penye 100 ya dizeli kuna kodi kubwa ndani yake, na nawe unatakiwa uilipe. Huenda faida yote ya Pipa ni kodi tu ambayo hailipi.

#35 Pipa la Bluu
Kwangu ruhusa ninayo, na nalipa kinachotakiwa. Usinivishe kesi 😄

#36 Msakatonge
Wakuu nimeshiba. Naomba kitu kimoja cha mwisho. Mwenye mgahawa ameanza kusikia kuwa mafuta yake yana soko, anataka nimlipe. Nisivuke bei gani kwa lita?

#37 Kokotoo
Kwa namba zetu: kazi 8,280, toa 1,560, inabaki 6,720 kwa lita 100. Ukimlipa pointi 67 umefanya kazi bure kabisa. Toa filta, vyombo na kibanda, tuseme 500 kwa mkupuo, kikomo ni 62.

#38 Pipa la Bluu
Kwa methanoli ya pipa na ukirudisha lita 4 na nusu, na mafuta mazuri yanayotoa 95, kikomo kinafika 75 kabla ya vyombo. Kokotoo anakutisha.

#39 Dada Mizani
Na ukijilipa pointi 300 tu kwa saa, kwa saa 6, kile 67 kinashuka hadi 49. Mimi ningemwambia mwenye mgahawa 30, na ningepima asidi mbele yake kabla ya kubeba dumu.

#40 NozeliSafi
Bima ya nozeli hamjaitoa hata mmoja.

#41 Kijana wa Karakana
Msakatonge, mpe 40 na umwombe asichanganye na maji ya kuoshea vikaango. Hayo maji yatakugharimu kuliko hizo pointi zote. Ukipika mkupuo wa kwanza andika saa ulizotumia, za njiani pia, uziweke hapa, maana mimi na Dada Mizani hatujamalizana.